Nusu-umri wa Dawa

Tawonga Nyirongo alikuwa na kadi arobaini na moja mfukoni mwa aproni, na chuo kizima hakikuwa na wa kumweza kwa kadi hizo. Alizikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya glavu. Upande mmoja aliandika neno, upande wa pili maana yake. Ilikuwa amri ya Mwalimu Msiska, aliyefundisha somo la dawa pale chuo cha wauguzi cha hospitali ya misheni: mwanafunzi wa mwaka wa pili asionekane wodini bila kadi zake. Mama huyo alikuwa na tabia ya kumvizia mtu popote, kwenye foleni ya sima, mlangoni mwa kanisa, hata nje ya bafu, akamtajia neno kisha akakunja mikono kusubiri. Ukisita, unasugua vyombo vya wodi wiki nzima. Wenzake Tawonga walikuwa na vidole vilivyochubuka kwa sabuni. Yeye hakuwahi kusugua hata kijiko, wakambandika jina la Kamusi, na tusimfichie, jina hilo alilipenda.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Haya yalitokea Jumatano, mchana kweupe, jua likiwaka juu ya bati la wodi ya wazazi.

Wodi ilikuwa na wanawake ishirini na tisa na muuguzi mmoja, Sista Gondwe. Tabibu alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyepasuka kizazi. Wanafunzi wengine walikuwa wamepelekwa kwenye chanjo vijijini. Kwa hiyo ilipofika saa tano na pikapu ya kubebea tumbaku ikasimama mlangoni, aliyetoka na machela alikuwa Tawonga, akisaidiwa na dereva.

Mgonjwa aliitwa Mwiza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amejifungua siku mbili nyuma katika zahanati ya kwao milimani, na asubuhi ile alikuwa ameanguka kifafa. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamebaki vijistari viwili. Nyuma yake alishuka mama mkwe wake, NyaKumwenda, mwanamke mrefu wa makamo, mtoto mchanga kamfunga kifuani, na kwapani kabana furushi la nguo za mtoto.

Tawonga alipiga magoti sakafuni. Kwao mtu hamhoji mama mzima akiwa amesimama, awe amevaa sare au hajavaa. Unapiga magoti, unainamisha macho, unauliza kwa sauti ya chini na unapokea jibu kwa mikono miwili. Tena mkwe akiwepo, mke wa mtoto wake hajijibii. Hata umri wake hutajiwa na mkwe. Tawonga alilelewa hivyo na hakuona ajabu yoyote.

NyaKumwenda akamkabidhi kitabu cha afya. Kila mtu kule anacho chake, kinanunuliwa dukani kama daftari la shule, na kila unakotibiwa wanaandika humo. Kitabu cha Mwiza kilikuwa safi mno. Malaria ya mwaka juzi, kikohozi, jino. Mimba haikuwemo. Tawonga akauliza yaliko maandishi ya kliniki ya wajawazito, akajibiwa kwamba hayo yamebaki zahanati. Akauliza kama mgonjwa amepewa dawa yoyote huko alikotoka.

"Amechomwa sindano ya malaria," alisema NyaKumwenda, na alisema bila kupepesa.

Ukweli ni kwamba hakuwa ameona kitu. Alifika zahanati na kibuyu cha uji wa karanga akamkuta Mwiza anapakiwa garini, mtu mmoja akamsukumia mtoto mikononi, mwingine furushi, gari likaondoka. Lakini mkwe anayesimama mbele ya watu wa hospitali akasema sijui, anaonekana hamjali mtoto wa watu. Basi akasema alichodhani, na alikisema vizuri hadi Tawonga akakiandika.

Wakati kalamu inaandika, Mwiza aliinua mkono. Aliunyoosha kuelekea kwa mkwe wake, kwenye lile furushi.

"Nguo," alisema kwa shida. "Nguo za mtoto."

"Mtoto ana nguo, dada," Tawonga akamwambia. "Yuko salama, bibi yake amembeba. Wewe tulia."

Akaushika ule mkono, akaurudisha chini ya blanketi, akalichomeka blanketi ubavuni ili usitoke tena. Alifanya hivyo kwa upole. Baadaye upole huo ndio ungemtesa kuliko yote.

Kifafa kikamrudia papo hapo. Taya likabana, mgongo ukapinda, kitanda kikagonga ukuta. Sista Gondwe akaja mbio na magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha uzazi, ambayo dozi yake ya kwanza ni kubwa kweli kweli: sehemu yake inapitishwa taratibu kwenye mshipa, halafu sindano nene mbili, moja kila tako. Tawonga ndiye aliyemgeuza Mwiza ubavu. Akaona pamba iliyobandikwa kwa plasta, tako la kulia, na nyingine tako la kushoto.

Akasema. Tumpe haki yake, alisema. Alimwambia Sista kwamba kuna pamba pande zote mbili. Sista, sindano mkononi, akainua macho kwa NyaKumwenda, na NyaKumwenda akarudia kwamba ni ya malaria. Sista akasema tukikaa kusubiri karatasi kifafa kitammaliza, na hilo nalo lilikuwa kweli. Tawonga alikuwa na sentensi ya pili. Sindano ya malaria huchomwa pajani, tena mara moja. Hakuitoa, alimshikilia tu Mwiza asigeuke. Mwanafunzi husema mara moja, akisema mara mbili anabishana. Sindano ikaingia, ya kulia, kisha ya kushoto.

Kifafa kikakoma. Sista akaitwa chumba cha upasuaji, maana mtoto wa yule mama mwingine alikuwa ametoka bila kulia. Akamwachia Tawonga maagizo: apime goti kwa nyundo ndogo ya mpira, maana dawa ikizidi goti huacha kuruka, ahesabu pumzi, aangalie mkojo. Pumzi zikipungua kumi na sita kwa dakika, amwite.

Saa sita goti liliruka, Tawonga akashukuru Mungu. Nusu saa baadaye aligonga likacheza kidogo, kama mtu anayeguswa usingizini. Saa saba kasorobo aligonga goti la kulia, halikucheza. Akagonga la kushoto. Akajiambia nyundo imemteleza, akagonga tena kwa nguvu zaidi, mguu ukalala tu. Mfuko wa mkojo ulikuwa na maji ya kahawia yasiyojaza kikombe. Dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo, haina njia nyingine.

Kadi zikaanza kujipanga kichwani mwake bila kuitwa. Mrundikano: dawa kuongezeka mwilini kwa kuwa inaingia upesi kuliko inavyotoka. Mpaka wa usalama: umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru. Kwa magnesiamu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu, mwembamba sana. Aliyajua yote. Angeulizwa wakati ule na Mwalimu Msiska angejibu bila kusita hata kidogo, na Mwiza angeendelea kulala vile vile.

Akahesabu pumzi. Kumi na nne. Akakimbia hadi mlango wa chumba cha upasuaji akagonga, akasema magoti yamekufa na pumzi ni kumi na nne. Sista akajibu kutoka ndani kwamba anakuja, asimpe dawa nyingine yoyote. Tawonga akarudi kitandani na kuhesabu upya. Kumi na moja.

NyaKumwenda alikuwa kwenye benchi la ukutani. Mtoto alikuwa amechafua nepi, naye akafungua furushi kutafuta nyingine. Tawonga alimwona kwa pembeni akichambua vitambaa, kisha akaona mikono yake imesimama. Alifungua kitu akapindua kurasa zake, mtoto akilia mapajani. Halafu akainuka akaja kitandani, akiwa ameshika kitabu cha afya kingine, kimechakaa, jalada limefungwa kwa mfuko wa nailoni wa sukari.

"Kilikuwa ndani ya nguo za mtoto," alisema. "Kina maandishi ya leo."

Tawonga akakifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa muuguzi wa zahanati, mzuri, wa kupumzisha macho. Saa mbili na nusu asubuhi. Kifafa cha uzazi. Amepewa magnesiamu, dozi yote ya kwanza, mshipani na matako yote mawili. Akipata kifafa tena msirudie dozi hii, mpeni kidogo tu. Mstari huo ulikuwa umepigiwa mistari miwili chini yake. Kurasa za nyuma zilikuwa na mimba yote, kliniki kwa kliniki, na majibu ya damu, na vidonge ambavyo Mwiza alikuwa akimeza kila siku kwa ajili ya virusi vya ukimwi. Katikati ya kitabu kulikuwa na barua ya rufaa, na chini ya barua muuguzi yule ameongeza: mama huyu hataki mkwe wake aone kitabu hiki, ameniomba nimfichie, nanyi tafadhali mtunzieni.

Tawonga alikifunga haraka na kukitia mfukoni, pamoja na kadi zake. Alisubiri NyaKumwenda aulize kilichoandikwa. Hakuuliza. Alirudi kwenye benchi akamfunga mtoto nepi.

Kwa hiyo ilikuwa dozi mbili kubwa ndani ya saa tatu, moja imetolewa kwa haki na ya pili juu yake. Na kilichochomwa nyamani hakina kamba ya kukivutia kirudi. Kinaendelea kuingia damuni kidogo kidogo, upende usipende.

Sista Gondwe alipofika alisoma ukurasa ule. Hakumlaumu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha dharura. Dawa pinzani, ambayo Tawonga alikuwa na kadi yake: dawa inayozuia kazi ya dawa nyingine. Pinzani ya magnesiamu ni kalsiamu. Kisanduku kilikuwa na vijumba kumi na viwili, kila kimoja na jina lake, na kijumba cha kalsiamu kilikuwa na jina zuri lililoandikwa kwa herufi kubwa na ndani hamna kitu. Chupa ya mwisho ilikuwa imetumika mwezi uliopita. Maombi ya nyingine yalikuwa yametumwa mara mbili.

Wakapiga simu hospitali ya wilaya. Huko ipo, waje waichukue. Dereva wa gari la hospitali akaondoka saa saba u nusu, kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu, kama daraja halina foleni ya malori. Hadi hapo kazi ilikuwa moja tu, kumpumulia. Sista akamwekea Mwiza barakoa usoni, akaunganisha mpira wa kupulizia hewa, akamfundisha Tawonga: bana, achia, hesabu moja hadi tano, bana.

Tawonga alibana. Kifua cha Mwiza kiliinuka na kushuka kwa nguvu za mkono wa mwingine. Alipiga hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Nusu-umri wa dawa: muda ambao mwili unahitaji kuipunguza dawa hadi nusu yake. Kwa hii ni saa nne au tano, figo zikiwa nzima, na figo za Mwiza hazikuwa nzima. Saa nne za kubana, ili nusu itoke, na nusu inayobaki ni dozi nzima ya mgonjwa wa kawaida. Saa nne zinabanika. Alijiambia atabana hadi kesho ikibidi.

Baada ya saa moja vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Mama wa kitanda cha saba alikuwa anavuja damu na Sista yuko kwake. NyaKumwenda akamlaza mtoto kwenye benchi, akasogea, akatandaza mikono yake mikubwa ya kulimia.

"Nipe," akasema. "Nimekuona unavyofanya."

Kwao jamaa wa mgonjwa ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza. Tawonga akampa. NyaKumwenda alibana vizuri, bila haraka, akihesabu kwa midomo. Alikuwa akimsemesha Mwiza kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la ukoo alikozaliwa, NyaLuhanga, akimwambia mwanao ana njaa, NyaLuhanga, amka umnyonyeshe, mimi maziwa yangu yalikauka zamani. Wakabadilishana hivyo, huyu akichoka anashika yule. Tawonga alianza kutumaini, na alikuja kujilaumu hata kwa tumaini hilo.

Saa tisa na dakika kumi mapigo yakaanza kuruka. Tawonga alikuwa na vidole shingoni mwa Mwiza. Alisikia pigo, akasubiri, akasikia jingine, akasubiri, akaendelea kusubiri. Akaita. Sista akaja akapanda juu ya kitanda akasukuma kifua kwa mikono miwili, NyaKumwenda akibana mpira, Tawonga akiwa ameshika mshipa usiosema chochote. Wakafanya hivyo kwa dakika arobaini. Kisha Sista akashuka, akavaa viatu vyake, akaangalia saa ya ukutani. NyaKumwenda aliendelea kubana, na ikabidi Tawonga amfumbue vidole kimoja kimoja.

Hakulia. Kwao kilio hakianzi ndani ya wodi yenye wagonjwa wengine, kinasubiri njiani. Akaomba maji ya kumwosha uso. Tawonga akaleta, wakamwosha pamoja. Ule mkono uliochomekwa ubavuni Tawonga aliuosha peke yake, akaushikilia kwa muda mrefu. Alitaka kumwambia mama huyu kila kitu, kwamba mkweo alinionyesha furushi nami nikamfunika, kwamba niliona pamba nikasema mara moja tu. Akaanza na yale aliyoyaandika.

NyaKumwenda akamkatiza. "Mimi ndiye niliyesema malaria, mwanangu. Wewe uliandika tu." Akakamua kitambaa. "Kitabu kile nipe."

Tawonga akaweka mkono juu ya mfuko wake. Alisema, bila kuinua macho, kwamba hawezi, kwamba ni siri ya marehemu, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

"Najua kilichomo."

Akafungua fundo la kitenge chake kiunoni, tabaka la kwanza, la pili. Akatoa mfuko wa nailoni wa sukari, uliokunjwa kama ule mwingine, na ndani yake kitabu cha afya kilichochakaa kuliko cha Mwiza. Akakiweka kitandani karibu na mguu wa marehemu. Tawonga hakuhitaji kukifungua, jina la dawa lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la nyuma, dawa ile ile aliyokuwa akimeza Mwiza.

"Mwaka wa sita huu," alisema NyaKumwenda. "Saa mbili asubuhi. Yeye saa hiyo alikuwa akiingia jikoni na kufunga mlango. Mimi nakwenda nyuma ya zizi. Nilidhani anajifungia ili asinisalimie. Nikamnunia mwaka mzima."

Tawonga alikitoa kitabu cha Mwiza na kumpa. NyaKumwenda akavishika vyote viwili, kimoja juu ya kingine, akakaa navyo mapajani. Nje gari lilisimama, na dereva akaingia mbio, jasho linamtiririka, kiboksi cha kalsiamu mkononi. Alikuwa amewahi kwa nusu saa kuliko walivyotarajia. Alipoona shuka limevutwa hadi juu, akabaki mlangoni bila kujua amkabidhi nani. Sista akakipokea akakipeleka kwenye kijumba chake.

Mtoto akalia. NyaKumwenda akamchukua, akamtikisa kidogo, kisha akapekua tena furushi hadi ndani ya soksi moja ndogo, akatoa chupa ya dawa ya maji na bomba dogo la kupimia.

"Hii ni yake?"

Tawonga akasoma kitabu cha Mwiza. Ilikuwa ya mtoto, ya kumkinga, kila siku kwa wiki sita. Ya jana ilikuwa imewekewa alama kwa mkono wa Mwiza. Ya leo haikuwa na alama. Tawonga akaeleza kwamba leo amechelewa lakini apewe tu sasa hivi. Akavuta dawa hadi kwenye mstari, akagonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande, akairudisha chupani yote.

"Sasa fanya wewe, mama, nione," akasema. Hakuwa amepiga magoti, na hakuna aliyelijali hilo.

NyaKumwenda akavuta dawa. Ikapita mstari. Tawonga akamwambia imezidi, amwage. Akavuta tena, ikazidi kidogo, Tawonga akamwambia amwage tena. Mara ya tatu ikasimama juu ya mstari sawasawa. Mtoto akanyonya bomba huku amekunja uso.

"Na kuanzia kesho ni saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

NyaKumwenda akaitikia kwa kichwa. Akamfuta mtoto kinywa kwa ncha ya kitenge, akamwangalia mkwewe chini ya shuka.

"Basi tutakunywa na huyu jikoni," alisema. "Na mlango tutauacha wazi."